Sinema na Vitabu Vinavyolaumiwa: Somo la Kupima Lawama

Kutoka Likoni hadi Vanga, kila penye baraza na buli la kahawa, husikika lawama ambayo si ngeni: ya kwamba sinema na vitabu vya hadithi vinawaharibu vijana. Mzee wa Tiwi atataja simu. Mwalimu wa Msambweni atataja riwaya. Mama wa Ukunda atataja kibanda cha video kilicho nyuma ya soko, ambacho sauti yake humfikia kitandani. Lawama hizi hazifai kudharauliwa, kwa kuwa wanaozitoa ndio wanaolea. Walakini hazifai pia kutiwa zote katika kapu moja kama dagaa, kwa maana zina asili mbalimbali, na dawa ya hii siyo dawa ya ile.

Sisi ambao kazi yetu ni kufasiri twalijua jambo hili kwa jasho. Sheria ya Kiingereza huwa na neno moja tu la kukataza picha au maandishi machafu, na mfasiri akifika hapo hulazimika kuweka kalamu chini na kufikiri. Je, aandike aibu? Ufuska? Upujufu? Haramu? Uovu? Kila neno katika hayo lina mlango wake. Lililo aibu si lazima liwe baya. Ni lenye kustahili sitara. Lililo ovu huweza kutendwa mchana, mbele ya watu wote, wala mtu asione haya. Basi mtu akisema, "Sinema ile mbaya," yafaa kumwuliza kwanza, kwa upole, ni mbaya kwa mlango upi.

Tuanze na aibu, kwa sababu ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi. Baba ameketi sebuleni pamoja na mkwewe, televisheni iko wazi, mara wawili katika sinema wanakumbatiana. Baba anakohoa. Mkwe anaitazama dari. Mtoto anatumwa maji ambayo hakuna aliyeyataka. Ukiwauliza hao wote, watakuambia kwamba picha ile ni chafu. Lakini kila mmoja wao, lau angalikuwa peke yake, asingalikohoa. Kilichowasumbua si picha bali ni nani aliyekuwa kando yao ilipopita. Hii ndiyo adabu ya Pwani, na haina haja ya kutetewa.

Lakini wako wasemao kwamba wazee wetu hawakuyanena kabisa mambo ya mwili, na kwamba yote haya yameletwa na meli. Hao wamesahau. Wanawake wa Pwani walikuwa na unyago, na msichana aliyevunja ungo alikuwa na somo wake aliyemfundisha waziwazi yale ambayo mama mzazi aliona haya kumwambia. Nyimbo za vugo katika arusi hazikuwa za kuimbiwa wanaume, na aliyezisikia kwa kuchungulia alijua mwenyewe kwa nini. Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi katika mwaka 1858 au karibu yake, alimfundisha ibada na heshima, tena akamfundisha namna ya kumpendeza mume, na utendi huo umesomwa katika nyumba za watu wa dini kwa zaidi ya miaka 150. Basi wazee hawakunyamaza. Walichokifanya ni kuweka mahali, umri na mwalimu. Neno la unyago lilibaki ndani ya unyago.

Hapo ndipo sinema inapotutatiza. Yenyewe haina mlango. Haimjui mkwe wala mtoto. Humwonyesha kila aliyelipa, na siku hizi hata asiyelipa.

Serikali za nchi zetu zimejaribu kuujenga mlango huo kwa sheria. Kenya ina Sheria ya Sinema na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962 na kuanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1963. Chini ya sheria hiyo sinema hukaguliwa na kupewa alama: ya watu wote, ya mtoto kuongozwa na mzazi, ya waliotimiza miaka 16, na ya waliotimiza miaka 18. Anayeonyesha sinema kwa watu hutakiwa kuwa na kibali. Ukiitazama vizuri sheria hii, utaona kwamba alama zile zinafanya kazi ya somo na kungwi, yaani kusema hili ni la nani na lile si la nani. Kasoro ni kwamba kungwi alikuwa na macho, na alama ni wino tu. Kibandani mwenye mashine hataki kujua miaka ya mtu. Hutaka shilingi zake, na mtoto wa darasa la tano aweza kuketi mpaka saa tano ya usiku akitazama iliyoandikwa 18.

Twaongeza neno hapa juu ya wale wanaozifasiri sinema za kigeni kwa mdomo, kama Lufufu alivyojulikana Tanzania na DJ Afro Kenya. Kazi hiyo twaiheshimu, kwa kuwa mzee asiyejua neno la Kiingereza wala la Kichina hucheka na kulia pamoja na wenzake. Lakini mfasiri wa namna hii ana uwezo ambao sisi wa ofisini hatuna: huongeza ya kwake. Sinema iliyokuwa ya heshima yaweza kutoka kinywani mwake ikiwa na mzaha wa sokoni, na iliyokuwa chafu yaweza kutakasika. Hakuna alama ya mkaguzi inayomfikia.

Tena ukaguzi wenyewe una historia yake, na mengine katika historia hiyo hayapendezi. Wakati wa ukoloni wakaguzi wa sinema wa Afrika ya Mashariki walikuwa na mizani mbili, moja ya Wazungu na moja ya Waafrika. Sinema iliyoonekana kuwa halali kwa karani Mzungu ilikatazwa kwa karani Mwafrika aliyeketi meza ya pili. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda maadili. Lakini kwa kweli kilichoogopwa sana ni Mwafrika kumwona Mzungu akiiba, akilewa au akipigwa. Katika miaka ya 1935 hadi 1937 ulifanywa mpango wa kutengeneza sinema za mafundisho kwa ajili ya Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Zilitengenezwa sinema fupi kama 35, juu ya safura, akiba ya posta, mmomonyoko wa udongo na mengine ya namna hiyo, zikapelekwa kwa lori kutoka mji hadi mji. Zilikuwa safi kabisa. Walakini watu wa mijini walipopata nafasi ya kuchagua wenyewe waliyemtaka, walimchagua mpanda farasi wa Marekani mwenye bastola, na baadaye Raj Kapoor wa Bombay.

Na huyo Raj Kapoor anatufaa kwa somo. Sinema yake *Awara*, ya mwaka 1951, ilipendwa mno Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, na watu wa kusini walivuka kwa feri ya Likoni kwenda kutazama sinema za Kihindi mjini. Shujaa wa *Awara* ni mwizi. Hutembea kwa madaha, huimba, hupendwa na msichana mwema. Mtu wa haraka angesema sinema hii yafundisha wizi. Lakini kisa chake ni cha hakimu aliyeshikilia kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, akamfukuza mkewe kwa dhana, na mwanawe mwenyewe akalelewa na mitaa. Anayeshitakiwa katika sinema hiyo siye mwizi tu. Na kama kumwona mwizi akipendeza kungetosha kutuharibu, basi Sungura angalikwisha kutuharibu sote tangu utotoni, kwa kuwa hakuna shamba ambalo hakuiba, na Abunuwasi hakuna tajiri ambaye hakumlaghai.

Sasa tuje kwenye mlango wa pili, nao ni madhara. Hapa maoni yetu yatawashangaza baadhi ya wasomaji. Sinema ambazo twaziogopa sana katika Kwale si zile za kukumbatiana. Ni sinema ambazo familia nzima huketi kuzitazama, baba na mkwe pamoja, bila mtu kukohoa, kwa kuwa wote ndani yake wamevaa nguo mpaka vifundoni. Zinatoka Afrika ya Magharibi, na nyingine zimetengenezwa kwetu kwa kuiga. Kisa chake ni hiki: kijana amepata kazi, halafu akaipoteza, mkewe hazai, mtoto ameugua. Mwishowe mhubiri au mganga anafichua kwamba mwenye kuyafanya yote ni bibi kizee aliyeketi jikoni, mwenye macho mekundu na kibuyu chini ya kitanda. Bibi anakiri, anaanguka, na mambo ya kijana yananyoka.

Katika Kwale na Kilifi wazee wamepigwa, wamefukuzwa katika mashamba yao na kuuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Habari hizo zimeripotiwa mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi waliochunguza wamekuta nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa ardhi. Macho mekundu ni ya moshi wa kuni. Sisemi kwamba sinema ndiyo iliyoshika panga. Vijana wa Pwani waliwashuku wazee wao kabla ya umeme kufika. Lakini kijana aliyekwisha kumwona bibi wa namna hiyo akikiri mara hamsini kwenye kioo, siku akipungukiwa na pesa hana tena haja ya ushahidi. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925, pamoja na upungufu wake mwingi, ilifanya kuwa ni kosa mtu kumtuhumu mwenziwe kwa uchawi, isipokuwa amepeleka habari kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Sinema zile huvunja maana ya kifungu hicho kila jioni, wala hatujasikia mwanabaraza akinyanyuka kuzilalamikia. Anapita mbele ya televisheni, anaona nguo ndefu na jina la Mungu, anaridhika.

Mlango wa tatu ni kutukanwa. Wako wasemao kwamba wageni huja Pwani, hupiga picha, kisha huenda kwao kutuonyesha kama watu wasio na staha. Bibi mmoja wa Uswisi, Corinne Hofmann, alikuja Kenya kwa likizo mwaka 1986, akamwona kijana wa Kisamburu katika feri ya Likoni, akamwacha mchumba wake aliyesafiri naye na hatimaye kuolewa na kijana huyo. Kitabu chake, *Die weiße Massai*, kilitoka mwaka 1998 na kusomwa na mamilioni, na sinema yake ilitolewa mwaka 2005. Mwaka 2012 Ulrich Seidl wa Austria alionyesha katika tamasha la Cannes sinema yake *Paradies: Liebe*, juu ya wanawake wa makamo wa Ulaya wanaokuja katika pwani ya Kenya na kununua mapenzi ya vijana wa ufukweni.

Sinema hii ya pili si ya kutazamwa na watoto, wala si ya sebuleni. Lakini je, ni ya uongo? Anayeujua ufuko wa Diani hataweza kusema kwamba biashara hiyo ilibuniwa na Seidl. Mwezi Desemba 2006 Serikali ya Kenya pamoja na UNICEF walitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Walikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa sehemu hizo walikuwa wakiuza miili yao mara kwa mara au kwa misimu, wengi wao wakiwa na umri wa kwenda shule. Isitoshe, taarifa hiyo haikuwalaumu watalii peke yao, bali wanunuzi wenyeji pia walitajwa. Mtu aliyeisoma taarifa hiyo, kisha akakasirishwa na sinema zaidi ya alivyokasirishwa na tarakimu, ameshughulika na kioo na kuuacha uso. Hata hivyo lawama ina haki yake kwa upande mwingine. Katika sinema ya namna hii mvuvi wa Gazi haonekani, wala muuguzi wa hospitali ya Msambweni, wala wazee wanaoutunza msitu wa Kaya Kinondo, ambao ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Dawa yake si kuomba Seidl akatazwe, bali wana wa Kwale washike kamera.

Kuhusu vitabu twaweza kusema machache tu, lakini ni muhimu, kwa kuwa kitabu huhukumiwa kwa namna mbaya kuliko sinema. Sinema angalau mtu huitazama. Kitabu huhukumiwa kwa kurasa mbili zilizokunjwa pembe na kupitishwa mkono kwa mkono.

*Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilikatazwa katika shule za Tanzania. Ni kweli kwamba imo mimba iliyotolewa, umo ulevi, na Rosa anaishia kujiua. Lakini kisa chaanza kwa baba mlevi, Zakaria, anayempiga bintiye vibaya kwa ajili ya barua ya mvulana, hata msichana akakua hajui namna ya kusema na mwanamume yeyote. Alipofika penye uhuru hakuwa na kinga. Aliyeogopa kwamba kitabu kile kitawafundisha wasichana uasherati hakukisoma kama mzazi, kwa maana aliyeonywa hapo hasa ni mzazi. Baadaye kitabu hicho hicho kiliingizwa katika vitabu vya kufundishia. David Maillu wa Kenya naye aliuza sana *After 4.30*, kilichotoka mwaka 1974, na mwaka 1976 vitabu vyake vikapigwa marufuku Tanzania. Huyo twaona lawama yake ilikuwa na uzito zaidi, kwa kuwa pahali pengi anaonekana kuufurahia uchafu anaousimulia. Lakini hata hapo, karani wa kike anayesumbuliwa na bwana wa ofisi hakuwa mtu wa kubuniwa.

Kisha kuna makatazo yanayotolewa na wakubwa kwa ajili ya shule. Mwezi Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania alipiga marufuku vitabu 16 vya watoto mashuleni, vikiwemo vile vya *Diary of a Wimpy Kid*. Mtu aweza kubishana juu ya kitabu hiki au kile, lakini kuchagua vitabu vya maktaba ya watoto wadogo ni kazi ya haki ya mlezi. Kuwakataza watu wazima ni shauri jingine. Sinema ya *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, juu ya wasichana wawili wanaopendana, ilikatazwa Kenya mwezi Aprili 2018, na kwa maelezo ya mwongozaji wake, wakaguzi walitaka abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini. Tarehe 21 Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ilitoa ruhusa ionyeshwe kwa siku saba, kwa watu wazima tu, na majumba yakajaa. Msomaji awe na maoni yake juu ya kisa chenyewe. Wengi wa Pwani wana maoni makali, nayo yanatokana na dini zao. Lakini aangalie kwamba mkaguzi akianza kutaka mwisho wa hadithi uwe wa huzuni, ameacha kazi ya kulinda mlango na kushika ya mtungaji. Tena kukataza kunafanya tangazo. *The Wolf of Wall Street* ilikatazwa Kenya mwezi Januari 2014, na wengi ambao wasingaliijua jina waliijua siku hiyo.

Kwa wanaosoma gazeti hili pamoja, iwe shuleni au barazani, tungependekeza waanze na hadithi fupi ya "Shogake Dada ana Ndevu", iliyotungwa na Alifa Chokocho na kutolewa katika *Tumbo Lisiloshiba* mwaka 2016, mkusanyo uliosomwa na wanafunzi wa sekondari wa Kenya kwa ajili ya mtihani. Safia ni binti mwenye kusifiwa, wa nyumba yenye heshima. Huja kusoma naye rafiki aliyevaa buibui. Mdogo wake anaona kwamba shoga huyo ana ndevu, anawaambia wakubwa, na wakubwa wanamkemea. Safia anapata mimba, na anakufa katika kujaribu kuitoa.

Kiongozi wa kikundi aisome yote kwa sauti, asiruke, ila kama wamo watoto wadogo. Kisha asiulize kama hadithi ni chafu au ni safi. Aulize ni nani katika nyumba ile aliyesema kweli, na kwa nini hakusikilizwa. Wakimaliza, wanawake wakae peke yao na wanaume peke yao kwa muda, ndipo wakutane tena walinganishe majibu.